Hatua Sitini na Tatu

4 Januari

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini uko mzima, gundi inakauka vizuri na wateja wanakumbuka kuja kuchukua vitabu walivyoleta kujalidiwa. Sisi hatujambo. Mama watoto amepona jino. Mjukuu wako mdogo amechora ramani ya nyumba yetu nzima, yenye mishale, kumwonyesha kaka yake tunakoficha kopo la biskuti. Tumelihamisha kopo, na sasa ananinunia kwa kuiharibu ramani yake. Kazini dari linavuja juu ya kabati la ramani za mabomba ya maji. Wenzangu wote wanacheka isipokuwa mwenye kazi ya kuzikausha, naye ni mimi.

Mpe Bibi shikamoo yangu. Mwambie nauwaza ukuta wake. Juzi nilikuwa namweleza mjukuu wako jinsi Babu, macho ya Bibi yalipoanza kuzimika, alivyouchora ulimwengu wa miungu kwa chokaa nene kwenye ukuta wa chumba cha ibada, ili asome kwa vidole: bahari ya nje ya maji matamu, halafu ya maziwa, ya mtindi, ya samli, ya mvinyo, ya maji ya miwa, ya chumvi, na katikati kabisa Mlima Sumeru. Nikamwambia pia jinsi Babu alivyoivuta mistari ile ikatoka chumbani, ikapita ukumbini, ikafika jikoni na uani, na kwamba tangu siku hiyo Bibi hajashikwa mkono na mtu ndani ya nyumba ile. Hakuamini. Nitamleta ajionee.

Nina ombi dogo. Simama penye lile tangi la maji la kona, tembea mwendo wako wa kawaida hadi mlangoni kwenu, hesabu hatua uniandikie. Niandikie pia ni watu wangapi huja kusali kwenu siku za Jumanne. Usimwambie mtu, usiniulize kwa nini, na tafadhali usinipigie simu ofisini.

Mimi mpwa wako.


19 Januari

Mpwa wangu,

Marahaba. Tuko wazima, tunashukuru. Bibi anakula, analala, na ananisahihisha kila ninapoimba. Goti langu ni lile lile. Nimemaliza kujalidi daftari za mahakama, nzito kama matofali, na karani aliyekuja kuzichukua ameziangusha zote mlangoni. Fundi saa, jirani yetu wa nyumba ya pili, ndiye aliyemsaidia kuokota. Mama watoto mpe pole ya jino. Mjukuu wangu mwambie ramani nzuri ni ile asiyoionyesha kwa baba yake.

Sasa tuje kwenye lako. Usiniulize, usimwambie mtu, usipige simu. Mpwa wangu, hata wezi huwa wanajieleza zaidi kidogo.

Wiki iliyopita wamepita watu watatu wenye fulana za rangi ya machungwa na darubini ya miguu mitatu. Wamepima mtaa mzima, hawakumwamkia mtu. Inasemekana barabara kubwa inakuja na itaila safu yetu ya nyumba. Wewe unafanya kazi palepale ramani zinapochorwa. Kisha barua yako inafika, unataka hatua. Nami ninywe maji nilale?

Bibi amenisimulia tangu utotoni, na wewe amekusimulia ukiwa umelala mapajani pake, habari za Vishnu alivyojigeuza kibete akaenda kwa mfalme Bali kuomba ardhi ya hatua tatu tu. Mfalme akacheka, akakubali. Kibete akakua. Hatua ya kwanza akaimaliza dunia, ya pili akazimaliza mbingu, na ya tatu ikakosa pa kukanyaga isipokuwa kichwa cha mfalme. Mimi watu wanaoniomba hatua huwa nawaangalia kimo kwanza.

Na bado sijasahau karatasi. Miaka sita sasa. Nilikuwa nimepeleka vitabu shuleni, nikarudi nikakuta wino kwenye dole gumba la Bibi na karatasi mkononi mwako, marehemu baba yako amekaa pembeni na ugonjwa wake hana la kusema. Baada ya mwezi, nusu ya ua wa nyuma ikawa ya mtu nisiyemjua, amejenga ukuta pale nilipokuwa naanika majalada. Nilikuuliza ukainamisha kichwa. Ndiyo maana nimekwambia tangu hapo, nami nirudie: kwangu hakuna simu, hakuna kunong'ona. Kila kitu kiandikwe na kitiwe sahihi. Barua hii nina nakala yake ya kaboni.

Hatua za nini? Andika.

Shangazi yako.


11 Februari

Shangazi,

Shikamoo tena. Barua yako imenikuta na mafua, sasa nafuu. Mama watoto anakusalimu na anasema goti ulikande kwa maji ya moto, usiishie kulilalamikia. Dari limezibwa, sasa linavuja juu ya meza ya bosi, na ghafla fundi amepatikana.

Kuhusu karatasi, nimenyamaza miaka sita na nitaendelea kunyamaza. Niwazie utakavyo.

Kuhusu hatua, yapo mambo ambayo mtu wa kazi yangu hawezi kuyaandika, na wewe unataka niandike tu. Barua za ofisini kwetu hupita mikono mingi kabla hazijatoka. Nitakwambia ninachoweza. Kwenye picha zilizopigwa kutoka angani safu yenu yote ni bati moja refu, hakuna anayeweza kujua mlango upi ni wa nani. Siwezi kuja huko na kamba ya kupimia. Lakini hatua zako nazijua. Nilikuwa darasa la tano nilipokupima kwa uzi wako wa kushonea vitabu, ukanikimbiza kwa kukupotezea uzi: hatua zako tatu ni mita mbili kamili. Hakuna chombo hapa ninachokiamini zaidi ya miguu yako.

Ukikaa na Bibi, mwombe akusimulie habari za Surya, mungu wa jua, na gari lake la farasi saba. Muulize jua likifika Mlima Sumeru hufanya nini. Halipiti juu yake, Shangazi. Hupinda, likauzunguka. Tafakari hilo, halafu nipe hesabu ya kweli kabla Machi haijafika katikati. Baada ya hapo haitanisaidia kitu, wala nyinyi.

Mpwa wako.


2 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba, na pole ya mafua. Sisi tupo. Mvua imeanza mapema na karatasi zote zinajikunja, kwa hiyo nimehamishia kazi chumbani kwangu na nalala na mashinikizo ya kubania vitabu. Bibi alikohoa siku mbili, akakataa dawa, akapona kwa ubishi. Fundi saa ametengeneza saa ya ukutani bila kudai hata asante, na mkewe huja Jumanne na wenzake wanne kusali na Bibi. Hao ndio watu watano uliotaka kuwajua. Sijui unawatakia nini.

Nilimwuliza Bibi habari za jua. Alifurahi, akaanza tangu kuumbwa kwa farasi wa kwanza, nikakaa hadi chai ikapoa. Sikuona inahusiana nini na wewe. Mtu akiulizwa jambo la ardhi akajibu la mbinguni, ujue ana lake. Na hadithi za kuzunguka mimi nazijua. Mungu Ganesha aliwazunguka wazazi wake mara moja, ikahesabika amezunguka dunia, akamshinda ndugu yake aliyepanda tausi. Wewe umetuzunguka vizuri zaidi, na hujahitaji hata panya wa kupanda kama wake.

Lakini umesema Machi isifike katikati, na watu wa fulana za machungwa wamerudi mara mbili. Sitaki kuambiwa kwamba nilikataa kusaidia. Nimepima. Nimevaa viatu vyangu vya kahawia, saa nne asubuhi, nikaanzia penye tangi. Ni hatua sitini na tatu.

Umeipata. Sasa sahihi yangu hii hapa, na nakala ninayo.

Shangazi yako.


30 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Sote wazima. Leo naandika kwa haraka, lakini nina furaha.

Asante kwa hesabu. Kazi imekwisha, ramani imegongwa mhuri wiki hii. Ukisikia maneno mtaani usishtuke, na wakija wale jamaa wapishe tu. Mwambie Bibi aendelee kuzunguka ulimwengu wake.

Siku moja nitakueleza nikiwa nimekaa kwenye kigoda chako, nawe utanipiga na rula.

Mpwa wako.


21 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Tu wazima, na barua yako ya furaha nimeisoma nikitabasamu, ila si kwa sababu unayoifikiri.

Umesema utanieleza siku moja. Mimi nitakueleza leo. Zile hatua sitini na tatu ni za mlango wa fundi saa. Kwetu ni arobaini na moja. Nilitembea nikaupita mlango wetu nikiuangalia hivi hivi, nikaenda hadi kwake. Nilisema moyoni, kama mtoto huyu amekuja na mdomo wa kumeza nyumba, ameze kwanza hewa. Hati yenye hesabu ya uongo haimshindi mtu mahakamani, nimejalidi kesi za kutosha kulijua hilo. Kumbe hata mpima ramani anapimwa.

Usikasirike. Ungeniambia unachotaka, ningekupa hatua zote na za kurudia. Mara ya kwanza nilikuwa nimepeleka vitabu shuleni. Safari hii nilikuwa nyumbani.

Bibi anakusalimu. Hajui lolote kati ya haya.

Shangazi yako.


17 Mei

Mpwa wangu,

Natumaini mko wazima huko. Hujajibu, na wewe huwa unajibu hata ukiumwa.

Juzi wamekuja. Wamepaka alama nyekundu mlangoni kwetu, na kwa jirani wa kushoto, na kwenye bohari la magunia. Kwa fundi saa hawakupaka. Walisimama pale na karatasi yao, mmoja akamwuliza mkewe kama hapo ndipo penye hekalu. Mama wa watu akasema hekalu liko nyumba ya pili, wanakwenda Jumanne. Yule mtu akatazama karatasi, akasema hapa ndipo ramani inaposema, akaondoka.

Hekalu gani? Nani kaandika hekalu? Tumepewa hadi tarehe ishirini na nane Juni. Fundi saa ananiamkia kwa sauti ya chini siku hizi, anadhani nitamwonea wivu.

Mbona kimya? Andika chochote. Hata usipotia sahihi.

Shangazi yako.


28 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Watoto wazima, mama watoto mzima. Nilichelewa kwa sababu nilikuwa natafuta njia, nimeikosa. Sasa naweza kuandika kila kitu, kwa kuwa barua hii haipiti tena ofisini.

Barabara ilichorwa ipite katikati ya kwetu na kwa fundi saa, izichukue nyumba zote mbili. Ipo kanuni moja tu ya kuipinda: nyumba ya ibada ikiwa imewekewa alama kwenye ramani, barabara huizunguka. Chumba cha Bibi ni cha ibada kweli, watu wanasali humo, sikuwa natunga uongo. Ila ipo kanuni nyingine, kwamba mchoraji haruhusiwi kugusa ramani ya mahali alipozaliwa. Nami niligusa. Ndiyo maana sikuweza kuandika, na wewe hukutaka nizungumze kwa njia nyingine. Nilikutumia jua na Mlima Sumeru kwa sababu sikuwa na zaidi.

Niliweka alama ndogo ya hekalu mita arobaini na mbili kutoka kwenye tangi. Hatua sitini na tatu. Barabara ikapinda kuikwepa alama, ikaegemea upande wenu.

Niseme na hili, usije ukaniona malaika. Ungenipa arobaini na moja, ingeegemea upande wa pili, na fundi saa na mkewe na watoto wake ndio wangekuwa wanafunga mizigo sasa. Nililijua hilo nikachora. Kwa hiyo hukunidhania bure kabisa.

Barua yako ya Aprili ilipofika nilikwenda kwa bosi siku ileile, nikamweleza yote ili wasahihishe. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema ramani yenye mhuri haifunguliwi kwa sababu ya shangazi wa mtu, na mkandarasi ameshakabidhiwa. Halafu akaniomba funguo za kabati. Nimepewa likizo isiyo na tarehe ya kurudi.

Sina hasira nawe. Nimejaribu kuwa nayo, imenishinda. Nakuomba kitu kimoja, usimwambie Bibi mpaka nifike. Natafuta nauli na karatasi kubwa za kunakili, nitaunakili ukuta wote, mstari kwa mstari, na huko mtakakohamia nitauchonga upya kwa chokaa.

Mpwa wako.


14 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Leo salamu zangu fupi. Tuko hai. Nimepata vyumba viwili karibu na shule, vina mwanga, mlango unafunguka upande usiotakiwa. Fundi saa amejitolea kubeba mashinikizo yangu. Nimemwacha abebe. Kumtazama usoni bado siwezi.

Barua yako nimeisoma mara nyingi hadi mkunjo umechanika, nikaupachika karatasi nyembamba. Neno lako la kutokuwa na hasira ndilo linaloniumiza. Ungenitukana ningepumua.

Nimefanya jambo ambalo ilinipasa kulifanya miaka sita iliyopita. Nilimwuliza Bibi, siku ile ya karatasi, ni nani aliyemshika dole gumba. Hakufikiri hata kidogo. Akasema, "Mwanangu. Mkono wake ulikuwa unatetemeka na homa. Mjukuu alikuwa analia pembeni, nikamsikia." Mwanawe, ndiye kaka yangu, ndiye baba yako. Aliyekaa pale hana la kusema, kumbe alikuwa ameshalifanya. Nawe umelibeba miaka yote hii ili nimkumbuke vizuri. Niliweka kalamu chini, nikaenda uani, nikasimama mbele ya ule ukuta wa jirani. Nina aibu, mwanangu. Naiandika na naitia sahihi.

Uliniomba nisimwambie Bibi. Sikuweza kulitimiza. Jana asubuhi alikuwa ukutani kama kawaida yake, amefika bahari ya maziwa, akasimama. Akasema, "Watu wanahamisha vitu humu ndani. Nani anahama?" Nikamwambia sisi. Akauliza kama mjukuu wake wa ramani hakuweza kutusaidia. Mwanangu, neno lilinifika ulimini. Ningesema hukuweza, ningelala salama, naye asingejua hadi anaingia kaburini. Nikamwambia, "Aliweza, Mama. Mimi ndiye niliyempa hatua za uongo."

Niliuona mkono wake ukishuka kutoka ukutani. Mikono yote miwili ikaning'inia, kisha akaigeuza shingo huku na huku akitafuta mlango, mlango wa chumba anachokijua kuliko sura yangu. Akasema, "Nishike mkono, unipeleke jikoni."

Nikamshika. Njoo upesi.

Shangazi yako.